Chokaa Haimwagiwi Maji

Kilichomponza Mama Kasuku ni taa. Kwa miaka sita alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la mikate, akikata, akifunga, akirudisha chenji, na hakuna aliyemwambia neno kuhusu uso wake. Duka lilikuwa na balbu moja ya njano juu ya mlango, na katika mwanga ule kila mtu alifaa kuuza mkate. Kisha Tajiri, ndivyo wafanyakazi walivyomwita mwenye duka, akaamua kwenda na wakati. Akaleta kabati la vioo, na juu yake akapanga taa nane nyeupe zinazotazama chini, ili keki zing'ae.

Keki ziling'aa kweli. Na chini ya taa zilezile, mashimo ya mashavuni mwa Mama Kasuku yakapata vivuli.

Yalikuwa makovu ya chunusi. Zilimwanza akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa kwao hapakuwa na mtu wa kumwambia asizibinye, alizibinya zote, kwa kucha na kwa pini, mbele ya kipande cha kioo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na alikuwa ameshayazoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza sakafu. Watu wa duka ndio waliomzoesha upya.

Wiki ya kwanza ya taa, bibi mmoja aliyevaa vizuri alisogea pembeni akasema, "Yule mwingine anihudumie." Mwingine aliuliza kwa mnong'ono ambao foleni nzima iliusikia, "Dada, hiyo haiambukizi?" Wanafunzi wa chuo cha jirani wakampa jina, Kokoto. Walilitamka kwa furaha, bila chuki yoyote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, maana mwenye chuki unaweza kumjibu.

Mwisho wa mwezi Tajiri alimwita kwenye stoo ya unga.

"Mama Kasuku, mimi sina neno na wewe," alisema. "Mkono wako mwepesi, chenji yako haijawahi kupungua hata siku moja. Lakini mteja anaanza kula kwa macho."

"Kwa hiyo nikae wapi, Tajiri?"

"Nyuma, kwenye tanuri. Kufungasha. Mshahara wa nyuma si unaujua?"

Aliujua. Tofauti ya mshahara wa mbele na wa nyuma ilikuwa sawasawa na kodi ya chumba kimoja, na wao walipanga viwili. Chumba cha pili ndicho alicholala mwanawe.

"Nipe muda," alisema. "Nasikia siku hizi kuna matibabu."

Tajiri alimtazama mashavu, kushoto kisha kulia, kama anavyokagua mkate uliorudishwa. "Miezi mitatu. Ikifika, nitatazama tena. Unanijua, mimi si mtu mbaya."

Hakuwa mtu mbaya. Siku hiyo alimpa mikate miwili ya jana aende nayo nyumbani.


Mume wake alikuwa fundi lipu, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alichukua ruhusa ya nusu siku kumsindikiza kwa daktari wa ngozi, akaoga mara mbili, na bado saruji ikabaki kwenye mikunjo ya vidole vyake. Kwenye benchi la hospitali alikalia mikono yake isionekane.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye miwani na sauti ya polepole. Alizima taa ya dari, akawasha taa ndogo ya mkono, akaishika pembeni mwa uso wa Mama Kasuku ili mwanga upite juu ya shavu badala ya kulipiga usoni. Fundi aliinuka kwenye kiti bila kujijua.

"Hivyo ndivyo ninavyokagua ukuta," alisema. "Ukimulika kwa mbele huoni kitu. Ukimulika ubavuni, kila kosa linasimama."

"Basi leo tuko mafundi wawili," daktari alisema. "Sogea uone. Makovu haya si ya aina moja. Haya membamba yameenda chini kama tundu la msumari. Haya mapana yana kingo. Na hapa, shavu linapokwenda kama mawimbi, ngozi imeshikwa kwa chini na nyuzi."

"Hapo ukijaza juu unajidanganya," Fundi alisema. "Kinachovuta kiko ndani."

"Kabisa. Hizo nyuzi tunaingiza sindano chini ya ngozi tunazikata, ngozi inapanda. Haya mapana tunayachoma kwa vijisindano vingi vidogo, ngozi inajijenga yenyewe. Haya ya tundu la msumari tunadondosha asidi ndani yake, tone kwa tone, kwa ncha ya kijiti. Pakishakuwa peupe, tunaacha."

"Na ile ya kuchoma kwa mwanga?" Mama Kasuku aliuliza. "Nimeiona kwenye simu ya mwenzangu."

"Ipo. Lakini ngozi nyeusi kama yangu na yako inaweza kubaki na madoa, ukawa umeuza kovu ukanunua baka. Nisingeanza na hiyo. Kuna na sindano ya kujaza shimo. Inakaa mwaka hivi, kisha inaisha, unarudi tena."

"Yataisha, daktari?"

"Hayaishi, mama. Yanapungua. Nusu. Ukiwa na bahati, zaidi ya nusu." Aliwasha taa ya dari. "Kwanza tukaushe hizi chunusi tatu nne zilizobaki, miezi miwili. Kisha vipindi vitano, wiki sita kati ya kimoja na kingine."

Fundi alihesabu kwa vidole. "Mpaka uso utulie, miezi tisa. Mimba nzima."

Daktari alicheka. Mama Kasuku hakucheka. "Mimi nina miezi mitatu," alisema.

"Ngozi haijui hilo."

Bei ya kipindi kimoja ilikuwa mshahara wake wa mwezi, kasoro kidogo. Walishukuru kama watu wanavyoshukuru baada ya kuambiwa jambo lisilowezekana. Walipofika mlangoni daktari aliwauliza kama wana watoto.

"Mmoja," Fundi alisema. "Wa kike, miaka kumi na minne. Ana mdomo huyo, ndiyo maana tunamwita Kasuku."

"Akianza kutokwa na chunusi mleteni mapema. Dawa ya chunusi ni nafuu, ya makovu ndiyo ghali. Wewe fundi unajua, usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta," Fundi alimalizia, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza siku ile.


Kimbilio lilitoka ndani ya ukoo. Dada yake Fundi alikuwa na saluni ya viti viwili, na alikuwa mtu wa huruma asiyependa kuona tatizo limekaa bila kulishika. Alikuja Jumapili mchana, akavua viatu mlangoni karibu na ndoo na miiko ya kaka yake, akatoa chupa ndogo ya kahawia kwenye mkoba.

"Wifi, hii ndiyo asidi ileile ya hospitali," alisema. "Hapa hulipii kiti cha daktari, basi. Umelala hospitali ukaamka umepona, nani amewahi? Wanakuvuta tu uwarudie."

"Umeshamfanyia nani?" Mama Kasuku aliuliza.

"Wanne. Wawili madoa, wawili walitaka kung'aa tu."

"Wa makovu?"

"Wewe utakuwa wa kwanza, nikupige picha nibandike saluni." Alicheka, akambana bega. "Na usiniulize bei. Nikutoze wewe?"

Kasuku alikuwa amekaa kizingitini kati ya vyumba viwili, anakula mkate. "Shangazi, lakini daktari kasema miezi tisa."

"Daktari ana mshahara wa kusubiria. Mama yako anao?"

"Si anao ndiyo maana anaogopa kuupoteza?"

"Kasuku," Fundi alisema, na mtoto akanyamaza, maana mkate bado ulikuwepo.

Kwenye chupa palikuwa na maandishi ya lugha wasiyoisoma, na namba kubwa. Hakuna aliyeuliza namba ile ni ya nini. Mama Kasuku aliigeuza chupa mkononi muda mrefu. Tusimsingizie mtu, uamuzi ulikuwa wake. Katika miezi yake mitatu, wiki saba zilikuwa zimekwisha, na asubuhi ya jana yake Tajiri alikuwa amemleta binti mgeni kaunta "ajifunzejifunze".

"Nipake," alisema.

Wifi hakudondosha tone kwa tone kwa kijiti. Alilowesha pamba akafuta shavu zima, kisha la pili, kwa mkono wa mtu anayefuta meza. Ngozi ikaanza kuwa nyeupe. Fundi aliyekuwa amesimama juu yao akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Daktari alisema hivyohivyo. Pakiwa peupe, imefanya kazi."

"Dakika tano," wifi alisema. Simu yake ikaita, mteja wa saluni, naye akatoka nje kwenda kuzungumza.

Hata dakika mbili hazikupita. "Inawaka," Mama Kasuku alisema.

"Vumilia kidogo," Fundi alisema.

"Fundi, inawaka. Inaingia ndani. Nipe maji."

Kasuku alishafika. Hakungoja kuambiwa, alikuwa amelinyakua beseni la kuogea lililokuwa limejazwa tangu asubuhi, na maji yalikuwa yakimwagikia miguuni. Alikuwa hatua moja kutoka kwa mama yake baba yake alipotandaza mkono.

"Usimmwagie! Weka chini!"

Inabidi kueleza kilichokuwa kichwani mwa mtu huyu, maana hakuwa mjinga wala katili. Miaka kumi na moja nyuma, kwenye jengo la ghorofa tatu, chokaa mbichi ilimrukia mwenzake usoni. Watu wakammwagia ndoo yenye maji kidogo, na chokaa ikachemka palepale juu ya jicho. Jicho lilikufa. Tangu siku ile Fundi hakumpokea kibarua yeyote bila kumfundisha sheria ya kwanza ya kazi: chokaa haimwagiwi maji. Ifute kavu, kisha paka mafuta. Alikuwa ameifundisha mara nyingi kiasi kwamba haikuwa tena wazo. Ilikuwa mikono yenyewe.

Na mikono ndiyo iliyotenda. Alichukua taulo kavu akagandamiza mashavu. Akamwambia Kasuku alete mafuta ya kupikia. Mke wake aliponyoosha mikono kulifikia beseni, aliikamata yote miwili, akaishika kifuani kwake.

"Nakuomba mke wangu. Maji yataichemsha. Nakuomba, vumilia, inapita sasa hivi."

"Niache nioshe."

"Nimewahi kuona. Sitaki uone nilichokiona."

Kasuku alisimama na beseni. Alimtazama mama, akamtazama baba. Alikuwa mtoto wa mdomo mrefu lakini alilelewa, na baba alikuwa amesema weka chini. Akaliweka chini.

Wifi aliporudi na simu yake mkononi, robo saa ilikuwa imepita. Aliona mafuta yanang'aa juu ya ngozi iliyoanza kubadilika kuwa kijivu, akaona beseni limejaa kando ya ukuta.

"Hamjamwosha?" aliuliza.


Hospitalini, muuguzi wa zamu alikuwa mtu mzima, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliuliza maswali kwa mpangilio wa fomu. Alipakwa nini? Saa ngapi? Nani alimpaka? Kisha, "Mlimwosha kwa maji mara moja?"

Wifi alitazama sakafu. Fundi ndiye aliyesema mwishowe, na alieleza yote, jengo, chokaa, jicho la mwenzake, akieleza kwa makini kama mtu anayetaka kueleweka, siyo kusamehewa.

Muuguzi hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. "Hii haikuwa chokaa, baba," alisema. "Hii ilitaka maji tu. Maji mengi, dakika zile za kwanza. Ingebaki alama ndogo."

"Hata ya beseni?" Kasuku aliuliza.

"Hata ya beseni, mwanangu."

Muuguzi aliandika. Kasuku hakuuliza kitu kingine siku ile, wala siku iliyofuata, na wiki ilipokwisha majirani walianza kumuuliza mama yake kama mtoto anaumwa.


Vidonda vilikauka. Mashimo yalikuwa palepale, kila moja mahali pake, na juu yake sasa kulikuwa na baka jeusi linalong'aa kutoka shavu hadi shavu. Chini ya taya la kushoto ngozi ilikuwa imejikusanya ikafanya ukingo mgumu. Daktari mwenye miwani alimtazama bila ile taa yake ya pembeni. Haikuhitajika tena.

"Mwaka mmoja usiguswe na chochote isipokuwa hii krimu," alisema. "Baada ya mwaka tutaona. Na ujikinge, mama. Jua, moto, joto lolote. Joto litaliongeza hilo baka."

Alimkubalia. Kesho yake alfajiri alikwenda kufungasha mikate mbele ya tanuri.

Tajiri hakungoja miezi mitatu itimie, na kwa kweli hakuna ambaye angemlaumu. Alipomwona aligeuza macho kwenye magunia ya unga. "Pole sana," alisema. "Pole sana, Mama Kasuku. Pitia mlango wa nyuma, ni karibu zaidi." Mzee wa kuchoma mikate, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alisogeza meza yake bila neno ili yeye apate nafasi iliyo karibu na dirisha. Hata pale, kufikia saa tatu asubuhi mtandio aliojifunika ulikuwa umelowa jasho na uso ukimpwita.

Chumba cha pili kilirudishwa kwa mwenye nyumba. Kitanda cha Kasuku kilipita mlangoni kwa kuvunjwa miguu, kikaingia chumba cha wazazi, na pazia likawekwa katikati. Wifi hakuja tena. Alituma sabuni, akatuma sukari, kwa mkono wa watu wengine. Chupa yake ya kahawia ilibaki juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko. Mama Kasuku hakuitupa, kwa kuwa kitu cha watu hakitupwi. Siku akija atachukua kilicho chake.

Fundi alianza kufanya kazi na Jumapili. Kila alicholipwa siku hiyo alikitia kwenye kopo la rangi lililooshwa, na kopo akaliweka chini ya kitanda, upande wa mke wake. Hakusema ni la nini. Mwaka ukiisha, daktari alisema, wataona.

"Nitukane," alimwambia jioni moja. Alikuwa anakwangua saruji kwenye mwiko, na alikuwa amekwangua palepale kwa muda mrefu. "Umekaa miezi mitatu hunisemi. Nitukane basi."

"Nikutukane nini?"

"Nilikushika mikono."

"Ulinishika nisiungue." Alikuwa akijipaka krimu bila kioo, kioo alikuwa amekigeuza ukutani. "Ungekuwa umenipiga ningejua pa kukuweka, Fundi. Ningekuchukia, ingekwisha. Sasa wewe ulikuwa unaniokoa. Nifanyeje na hilo?"

Fundi akarudi kukwangua palepale. Nyuma ya pazia, Kasuku aligeuka kitandani.


Siku unga ulipoisha stoo, waliofungasha waliruhusiwa kurudi mapema. Mama Kasuku alifika nyumbani saa nane mchana, chumba hakina mtu, sare ya shule imetupwa juu ya kitanda. Juu ya kabati, mfuko ulikuwa mtupu.

Alikimbia hadi bafuni, kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba walichotumia wapangaji wote, akausukuma mlango kwa bega.

Kasuku alikuwa amechuchumaa. Kipande cha kioo kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Chupa ilikuwa wazi, na mkononi mwake alishika njiti ya kiberiti aliyoichonga ncha. Kwenye paji lake kulikuwa na chunusi tano au sita, mbili zimebinywa mpaka zikatoa damu, na nyingine kidevuni. Mama mtu hakuwa amezijua. Kwa miezi mitatu mtoto alikuwa akiinamisha uso, na yeye alikuwa akidhani ni kwa sababu hawezi kuutazama wa kwake.

Katikati ya miguu ya mtoto kulikuwa na beseni, limejazwa maji hadi ukingoni.

"Nimeweka maji," Kasuku alisema. Sauti ilitoka imekwaruza, ya mtu aliyeacha kuitumia. "Mama, tazama, maji nimeweka. Ningeosha hapohapo."

"Umeshajipaka?"

"Bado."

"Kasuku, umeshajipaka?"

"Bado, mama. Nilitaka kuziwahi. Nilitaka ziishe kabla hazijawa..."

Akakwama hapo. Mama yake alimtoa njiti mkononi, akaichukua chupa, akaifunga kifuniko, ambacho kilikataa mara mbili.

"Kabla hazijawa kama zangu," alisema. "Sema tu, mwanangu. Ni kweli."

"Sikusema hivyo."

"Najua."

Kisha akapiga magoti kwenye sakafu ya simenti, akachota maji kwa kiganja akamwosha uso. Akachota tena. Paji, mashavu, kidevu, tena paji. Aliosha mpaka beseni likafika nusu, akamwambia mtoto akajaze tena, akaanza upya. Kasuku alianza kulia, kwanza kimya kisha kwa sauti, na ndani ya kilio akawa anasema, "Nilikuwa nalo, mama. Siku ile nilikuwa nalo beseni. Nililiweka chini." Alisema hivyo mara nyingi, kama vile maneno yote ya miezi mitatu yalikuwa hayo tu. Mama yake hakumwambia anyamaze.

Fundi aliwakuta hivyo aliporudi, wameloa wote wawili, mlango uko wazi, wapangaji wamekusanyika uani. Aliiona chupa. Akashika nguzo ya mlango.

"Alijipaka?" aliuliza.

"Hakujipaka."

"Sasa mbona unamwosha?"

Mke wake aliendelea kuchota. Baada ya muda Fundi aliingia, akaliinua lile beseni lililobaki maji ya chini, akaenda bombani kulijaza.


Asubuhi iliyofuata Mama Kasuku hakwenda kazini wala hakutuma mtu kusema. Alivuta kopo chini ya kitanda, akalifunga kwenye mtandio wake, na kwa kuwa mtandio sasa ulikuwa na kazi nyingine, akatembea na uso wazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aungue. Njia ya hospitali ilipita mbele ya duka la mikate. Wanafunzi waliokuwa wakingoja lifunguliwe walimwona, mmoja akafungua mdomo aseme lile jina, kisha akalimeza. Kasuku alimshika mama yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze shule.

Kwenye benchi la hospitali watu waliwaachia nafasi kubwa kuliko waliyohitaji. Daktari alipotoka na daftari lake alimwona mama, akavua miwani.

"Mwaka haujaisha," alisema kwa upole. "Lakini ingia, tutazame."

"Leo siyo mimi," Mama Kasuku alisema. Akamsukuma mtoto mbele, taratibu, kwa kumgusa mgongoni. "Ulisema tumlete mapema."

Ndani, daktari alizima taa ya dari, akawasha ile ndogo ya mkono. Akamulika paji la Kasuku kwa ubavuni, akashuka mashavuni, akageuza kidevu. Mama alisogea akaona mwenyewe. Chunusi zilisimama, kila moja na kivuli chake, lakini kati yake mwanga ulipita moja kwa moja, haukukwama popote.

"Bado hakuna kovu," daktari alisema. "Mmewahi. Krimu ya jioni, vidonge, na aje kila mwezi nimwone. Miezi sita. Na mikono mbali na uso, binti. Ukibinya nitajua. Huyu ndiye mliyesema ana mdomo?"

"Ndiye," Kasuku alisema.

Daktari akataja bei. Haikuwa kubwa kama ya makovu, lakini mara sita inakuwa kubwa. Mama Kasuku akafungua mtandio, akaweka kopo mezani, akaanza kutoa. Noti nyingine zilikuwa na saruji kavu kwenye mikunjo. Daktari alizitazama zikipangwa, akatazama mikono inayozipanga, akaelewa nusu tu.

"Mama, hizi si ulikuwa unajiwekea?"

"Zilikuwa za uso," Mama Kasuku alisema. "Ndiyo hizo za uso."

Zilitosha, na chini ya kopo zikabaki sarafu. Daktari alifungua daftari la miadi, akaandika jina la mtoto mara sita, mwezi chini ya mwezi. Kisha akateremsha kalamu mstari mmoja.

"Na wewe nikuandike lini?"

Mama Kasuku alikuwa akilifunga kopo. Alifikiri juu ya Jumapili za mume wake, na tanuri, na chumba kimoja chenye pazia katikati.

"Hapo paache," alisema. "Nitakuja kukwambia."

Daktari akauacha mstari ule mtupu, akafunga daftari.